Kucha Alizozika Bibi

Nilipokuwa mtoto pale Chang'ombe, kucha zangu zilikuwa za bibi. Sikuthubutu kuzikata mwenyewe. Kila Ijumaa bibi, mama yake mama, mwanamke wa Lindi asiyetaka mzaha na mambo ya wachawi, alinikalisha mkekani, akanishika mguu na kunikata kwa wembe, akichokonoa mpaka ndani ya kona. Vipande alivifunga kwenye karatasi na kuvizika nyuma ya choo. Kikibaki hata kimoja, alisema, mtu atakiokota, na mguu wangu utaoza huku nauona. Niliamini. Hata leo sina ujasiri wa kusema siamini.

Nikiwa darasa la nne, kidole gumba cha mguu wa kulia kikavimba ubavuni, kiatu cha shule kikawa hakiingii. Bibi alikishika akakigeuza kwenye mwanga.

"Wameokota," akasema. "Nilijua tu."

Akachukua wembe akachimba kona ile ile, safari hii ndani zaidi, ili atoe kile walichokichezea. Nilipiga yowe mpaka majirani wakachungulia.

Badala ya nafuu, usaha ukaanza kutoka. Kisha mtoki ukavimba kinenani, nikawa natetemeka kwa homa juani. Mama aliporudi kutoka kiwandani akanigusa paji la uso, akanibeba. Bibi akasimama mlangoni.

"Hii si ya sindano, Rehema. Ukimchoma tu, unamzika."

"Nipishe, mama."

"Nakuomba, mwanangu."

"Nipishe! Mtoto anakufa namwangalia."

Akamsogeza kwa mkono. Sikuwahi kumwona mama akimgusa bibi namna ile, na nilizidi kuogopa, maana nilimwamini bibi. Begani kwa mama nilijua napelekwa kufa.

Hospitali walinichoma ganzi. Nilifumba macho nikangoja kifo, hakikuja. Muuguzi, dada mmoja mwenye sauti ya chini, akakata ubavu wa ukucha na kuvuta kipande chembamba kilichokuwa kimezama nyamani.

"Nani anamkata kucha huyu?" akauliza. "Anachimba kona. Ukucha ukiota tena unaingia kwenye nyama. Mngechelewa, usaha ungefika kwenye mfupa. Kateni moja kwa moja, kona muziache."

Bibi alikuwa ametufuata, amesimama mlangoni, amesikia yote. Nilitegemea abishe.

"Mwanangu," akamwambia muuguzi, "naomba hicho kipande."

Alipewa. Alikizika jioni ile ile, kisha akamkabidhi mama wembe. Hakutaka kuushika tena. Mimi nilidhani anawaogopa wachawi. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba siku ile bibi aliuona mkono wake mwenyewe kwenye kidonda changu, na bado naumia nikimkumbuka pale mlangoni. Aliniumiza kwa kunilinda, kwa kile alichokijua.

Sasa bibi ana sukari, macho yamefifia, na nyayo zake hazisikii maumivu. Mimi ndiye ninayemkata kucha, na kila mara nakata polepole, kwa sababu kidonda kidogo tu kinaweza kumpotezea mguu.

"Kona umeziacha?" huniuliza.

"Nimeziacha, bibi."

Halafu hunyoosha kiganja. Namwekea vipande, anavipapasa, ananirudishia, nami naenda kuvizika nyuma ya choo. Sijawahi kuacha hata kimoja.