Malkia wa Gauni na Namba ya Simu

Nashona magauni ya harusi Kariakoo, na sioni haya kusema nashona vizuri. Redio moja iliponiita nieleze kazi yangu, nilijitambulisha kwa jina nililojipa mwenyewe: Malkia wa Gauni. Nilijisifu mpaka mtangazaji akasahau kuweka muziki.

"Malkia, wateja wakupate kwa namba gani?" akaniuliza mwishoni.

Nikaitaja mara mbili, bila kusitasita.

Nikarudi dukani, nikaweka simu juu ya cherehani na kusubiri. Masaa mawili yakapita bila simu hata moja. Nikaanza kuwalaumu watu wa Dar kwamba hawajui vitu vizuri.

Mara ikaita. Alikuwa mama mkwe wangu wa Kigamboni, ambaye tangu niolewe anamwambia mwanawe anitafutie kazi ya maana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hivi Malkia wa Gauni ni nani?"

Hapo nikagundua kosa langu. Mwezi uliopita nilibadili laini, na namba mpya sijaishika kichwani. Niliyoishika ni ya mama mkwe, maana nampigia kila siku kumsalimia. Hiyo ndiyo niliyoitangaza redioni!

"Ni mimi, mama. Naomba unisamehe."

"Nikusamehe nini? Simu haijapumzika tangu asubuhi. Maharusi saba nimeshawaandika kwenye daftari, na wote nimewaambia huyo Malkia ni mkwe wangu."