Leseni ya Kusema na Gari la Mbele

Baba yangu alizikwa vizuri, lakini kwanza alipelekwa Sondu, mahali ambapo hakuwa na shughuli yoyote.

Nyumbani kwetu ni mbele kidogo ya Pap Onditi. Ukitoka Kisumu unafika Katito, unakata kulia, unaifuata barabara ya Kendu Bay. Hata mtoto wa chekechea anajua. Dereva wa gari la maiti hakujua. Gari lilikuwa la kukodi, yeye mwenyewe alikuwa mgeni, na alipofika Katito alinyoosha na barabara ya Kisii kama mtu anayekwenda kwake. Sisi tulikuwa magari saba nyuma yake, na kila mtu ndani ya magari hayo saba aliliona kosa hilo kwa macho yake. Hakuna aliyempita. Kwetu gari lenye jeneza halipitwi. Ukilipita, wazee watakuuliza una haraka ya kwenda wapi, na swali hilo halina jibu zuri.

Kwa hiyo tulipiga honi. Ubaya ni kwamba msafara wa mazishi hupiga honi njia nzima, na dereva yule, mtu wa heshima zake, kila tulipopiga naye akapiga. Nilijaribu simu. Namba niliyokuwa nayo ilikuwa ya mwenye gari, ambaye alikuwa ameketi Kisumu akinihakikishia kwa upole kwamba dereva wake ni mzoefu. Mama alikuwa ndani ya gari lile pamoja na shangazi zangu wawili. Alipoona soko la Katito linabaki nyuma aligonga kioo kilichomtenga na dereva, na dereva akamwinulia kidole gumba. Tulikwenda hivyo hivyo mpaka matuta ya Sondu, ambapo mwendo ulipungua nikaweza kuacha pikapu yangu katikati ya barabara na kukimbia hadi dirishani kwake. Kumpita kwa miguu, nilijiambia, hakuhesabiki.

Mama alingoja mpaka mazishi yakaisha na wageni wakaondoka. Kisha aliniita.

"Baba yenu ametembezwa kama mgombea," alisema. "Mimi usinifanyie hivyo. Mimi siku yangu ikifika, nipeleke moja kwa moja."

Nikamwahidi. Mama alikuwa na miaka sabini na tisa, miguu yake imeanza kuvimba, na daktari alikuwa ameshatuambia kuhusu moyo wake kwa sauti ile ya chini wanayoitumia. Nilijua ninaahidi nini.

Miezi michache baadaye nilikuwa natia mafuta Ahero nikaona magari matatu ya watalii yenye antena ndefu. Dereva wa mbele alizungumza kwenye maikrofoni ndogo, na wa nyuma kabisa, ambaye nilikuwa nimesimama karibu na dirisha lake, akamsikia kana kwamba wameketi meza moja. Hakuna netiwaki, hakuna namba ya mwenye gari. Nilimuuliza kitu hicho kinauzwa wapi. Akanijibu kwamba kukinunua si kazi, kazi ni leseni. Lazima usome, ufanye mtihani, upewe alama yako ya wito, yaani jina lako la hewani. Mimi nauza mabomba ya maji na vifaa vya choo karibu na soko la Kibuye. Sikuwa nimefanya mtihani wowote tangu kidato cha nne, na ule wenyewe tusiuzungumzie. Lakini niliona jibu la ahadi yangu pale pale kwenye kituo cha mafuta, nikarudi Kisumu nikiimba.

Wimbo uliishia kwenye fomu. Ilikuwa ya mtandaoni, na ilikuwa na tabia ya kukubeba kurasa zote halafu kukutupa kwenye ukurasa wa mwisho. Niliijaza mara nne. Mara ya tano ikapita, ikarudishwa: picha yangu ina kivuli. Nikapiga nyingine. Ikarudishwa: eleza zaidi madhumuni. Pale penye madhumuni nilikuwa nimeandika neno moja, "mazishi." Nikaandika "mawasiliano ya magari safarini" na hapo nikaonekana mtu mwenye akili timamu.

Kufundishwa nako kulikuwa kibarua. Mtu pekee niliyeelekezwa kwake alikuwa mzee mmoja Mwislamu pale mjini, fundi mstaafu wa redio za meli. Alikuwa na Kiswahili kilichonyooka na subira iliyopinda. Alinipokea sebuleni kwake kila Jumamosi alasiri, na nikikosea alifunga daftari langu kwanza ndipo akanieleza kosa.

"Gawanya mia tatu kwa masafa yako, bwana. Unapata nini?"

"Mita mbili, Mzee."

"Na antena ya gari ni robo yake. Basi ni ngapi?"

"Nusu mita."

"Mbona Jumamosi iliyopita ulisema mita nane? Ungeendesha gari lenye mlingoti?"

Nilikariri. Nilikariri nguvu za betri, nilikariri mawimbi yanayopinda na yasiyopinda, nilikariri kanuni. Zile herufi za hewani nilizifanyia mazoezi barabarani, nikisoma namba za tuktuk za Kondele kwa sauti, Kilo, Tango, Whisky, hadi dereva mmoja akasimama kuniuliza kama nina shida naye. Kila jioni nilimkuta Mama sebuleni kwangu, maana baada ya Baba alikuja kukaa nami mjini, miguu juu ya kigoda, akinitazama.

"Bado unasomea hiyo redio?"

"Bado, Mama."

"Fanya haraka basi. Mimi si mtu wa kungoja."

Alilisema kwa utani. Mimi niliitazama miguu yake na sikucheka.

Mtihani ulikuwa Nairobi. Nilifunga duka, nikapanda basi alfajiri, nikafika kwenye ule mlango nikiwa na kalamu mbili na kitambulisho mkononi. Mlinzi alinitazama kwa huruma.

"Boss, hiyo mtihani ilisongeshwa. Kwani hawakukutumia meseji?"

Meseji ilinifikia nikiwa Nakuru, narudi. Mtihani ukasogezwa tena mwezi uliofuata. Safari hii angalau meseji iliwahi, nikaisoma nikiwa bado sijavaa viatu. Kila mtu niliyemlalamikia alinipa methali. Mvumilivu hula mbivu. Haraka haraka haina baraka. Natamani aliyezitunga methali hizo angekuwa na mama mwenye moyo mbovu tuone kama angezitunga. Wiki ile Mama alilazwa siku tatu, na mimi nilikaa kando ya kitanda chake na daftari la redio mapajani, siwezi kusoma wala kuliweka chini.

Mtihani wa kwanza nilianguka. Umeme na antena nilipita. Kanuni ndizo zilizoniangusha, nani anaruhusiwa nini na wapi. Nilirudi kwa mzee nikiwa nimekasirika, naye akakasirika zaidi, tukakaa Jumamosi sita tukisoma kanuni tu kama watu wanaojiandaa kushtakiwa. Mara ya pili nilipita. Barua ya alama ya wito ilikuja majira ya mvua ndefu, mwaka mmoja na zaidi tangu siku ile ya Ahero. Niliichapisha mara mbili. Moja nikaibandika dukani juu ya bei za koki, nyingine nikampelekea mzee pamoja na kilo ya halua.

Alivaa miwani, akaisoma yote, akanipongeza kwa kunishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia.

"Sasa niambie," alisema. "Utazungumza na nani?"

Nikamweleza kwa mara ya kwanza jambo zima: Baba, Katito, honi, Sondu. Nikamwambia nitaweka redio moja kwenye pikapu yangu na nyingine nitampa dereva wa gari la maiti.

"Na huyo dereva ana leseni?"

"Yeye wa nini? Yeye atasikiliza tu na kunijibu."

Mzee alivua miwani. Akaniuliza kanuni inasemaje kuhusu mtu wa upande wa pili. Nikamjibu neno kwa neno, kama nilivyoandika kwenye mtihani: mwenye leseni huzungumza na mwenye leseni. Swali hilo nililipata. Nilikuwa nimelimeza kama kidonge, bila kulionja, na sasa ndipo nikauonja uchungu wake.

"Basi hata mimi nina kosa," mzee alisema. "Ningekuuliza mapema."

Sikumlaumu. Nilijilaumu mwenyewe njia nzima hadi nyumbani, kwa sauti, na tuktuk zikanipisha. Nilimpigia simu mdogo wangu anayelima nyanya nyumbani, nikamwambia aanze kusoma. Kukiwa na leseni mbili katika familia, yeye ataketi kiti cha mbele kando ya dereva.

"Omera, ndugu yangu, mimi?" alisema. "Mimi na mtihani? Nani atamwagia nyanya maji? Si utume tu location kwa WhatsApp."

"Ukipita Katito hakuna netiwaki!"

"Sasa hivi tunaongea nikiwa wapi? Si niko shamba?"

Nilikata simu. Kumfundisha yule ni kumpigia mbuzi gitaa.

Mama alikuwa amesikia yote kutoka kwenye kiti chake. Alingoja nikae, nipumue, nimalize kuitupa ile barua mezani.

"Kwa hiyo hiyo leseni haisaidii."

"Haisaidii, Mama. Labda na dereva awe nayo."

"Na dereva ni nani?"

"Sijui. Yeyote tutakayemkodi."

"Kwani lazima mkodi?" aliuliza. "Wewe unajua njia. Uko na pikapu, inabeba mabomba ndefu kuliko mimi. Si unibebe wewe? Ukae mbele na mimi nyuma, hakuna mtu atakupita, na hautapotea. Hiyo inataka redio ya nini, nyathina, mwanangu?"

Nilifungua mdomo kumjibu. Nilikuwa na majibu: kwamba haifai, kwamba watu watasema mwanawe alikosa gari la heshima, kwamba spring za pikapu zimechoka. Yote yalikuwa kweli kidogo. Mama alinitazama tu, bila kunikazia, na nikaona kwamba jambo hili alikuwa nalo tangu mwanzo, mwaka mzima nilipokuwa nikisafiri na kukariri, akingoja nilifikie mwenyewe.

Sikuwa nimelifikia kwa sababu sikulitaka. Zile kurasa zote, yale mabasi ya alfajiri, yale masafa na kanuni, vyote nilivitafuta ili siku hiyo niwe gari la mwisho, magari saba nyuma yake, nikimwelekeza mtu mwingine mahali pa kukata kona. Nilitaka kumpeleka mama yangu nyumbani bila kuwa karibu naye.

"Unaogopa," Mama alisema.

"Naogopa sana, Mama."

"Haya. Kesho nipeleke Pap Onditi nikiwa mzima, nikae hapo mbele na wewe. Tuanzie hiyo."