Nimeunda desktop yangu ya kwanza, mtani akaninyang'anya power supply. Laiti ningemwachia

Wakuu, habari za muda huu.

Ninachoandika hapa kimenitokea mwenyewe, nyumbani kwangu Madale, na mke wangu ni shahidi. Atakayeona ni chai, stori ya kutunga, apite tu, sitabishana naye. Sina nguvu hizo.

Mie nachora ramani za nyumba. Mtu ana kiwanja chake Goba au Pugu, anakuja nyumbani, namchorea, anaenda kujenga. Laptop yangu ilikuwa imechoka. Ukifungua ramani ya ghorofa inavuma, inapata moto, halafu inaganda. Mteja yuko kwenye kochi ananiangalia, namwambia "subiri kidogo mkuu" mpaka soda inaisha.

Nikaamua niunde desktop. Sio kununua iliyokamilika, hapana. Niunde mwenyewe, kifaa kimoja kimoja.

Kwa miezi mitatu sikuwa na stori nyingine. Processor ipi, motherboard ipi inaikubali, RAM kiasi gani. Mke wangu alifika mahali akawa anajua majina ya graphics card kuliko ya wakwe zake. Casing nilichagua yenye kioo pembeni na feni zinazowaka rangi. Najua, ramani hazichorwi na taa. Niacheni.

Kosa langu liko hapa, wageni wa haya mambo msome taratibu.

Kila kifaa nilikichagua kwa wiki nzima. Ila power supply, kile kiboksi kinachopokea umeme wa ukutani na kuwagawia wenzake wote, niliichagua kwa dakika tano. Nilisoma maandishi ya nje, 750W, na kistika cha dhahabu. Nikaishika, nzito. Nikasema hii ndiyo yenyewe. Kwa akili yangu, kitu kizito ni kitu imara.

Sasa niwaeleze kuhusu Mzee Massawe.

Ni jirani yangu, fundi wa redio na TV wa siku nyingi, ana kibanda chake pembeni ya nyumba. Yeye Mchaga, mie Mpare wa Same, kwa hiyo ni watani. Nikimwamkia "shikamoo mzee" ananiitikia "marahaba, muuza ng'ombe ashinde kesi ya kuku." Na mie namwambia siku akizimia hatutaita daktari, tutadondosha sarafu karibu na sikio.

Na mtani ana ruhusa ya kuchukua kitu chako mbele ya macho yako. Ukinuna, mwenye makosa ni wewe. Amewahi kuondoka na jogoo wangu. Mie nimewahi kuondoka na kiti chake cha kukunja, mpaka leo nakikalia.

Mama yangu alipofariki, Mzee Massawe alisafiri na sie mpaka Same. Makaburini watu tunalia, yeye akasimama akatangaza kwamba kaburi ni fupi, Wapare tumebana mpaka udongo. Nililia na kucheka kwa pamoja. Siku ile yule mzee alinibeba.

Basi, Jumamosi nikamwita aje aone vifaa kabla sijaviunga. Akapitia kimoja kimoja, ameridhika. Akafika kwenye power supply. Akaipima mkononi. Akaitikisa sikioni. Akaitikisa tena.

"Mpare, umeuziwa tofali," akasema. "Hii naondoka nayo."

Akaiweka kwapani, akatoka. Tulicheka mpaka mke wangu akakaa chini. Nikampigia kelele, "Mchaga kaona chuma, kaona hela!" Hakugeuka.

Hapo ndipo nilipaswa kujiuliza, wakuu. Mzee Massawe akichukua kitu chako huwa anageuka akucheke. Siku ile alikwenda moja kwa moja.

Jumapili, yeye akiwa ibada ya pili, nikaenda kwake. Nikamwambia mkewe, "Mama, nimefuata mateka wangu." Mama wa watu akacheka, akanifungulia kibanda. Power supply ilikuwa juu ya meza, skrubu mbili zimeshalegezwa. Nikajua mzee anataka kuning'olea feni. Nikazikaza, nikaondoka napiga mluzi.

Nikaunga kila kitu. Kisha nikaitoa SSD, ile diski inayotunza mafaili yote, kwenye laptop, nikaichomeka kwenye desktop ili nihamishe kazi zangu.

Kwenye ile SSD kulikuwa na ramani zangu za miaka sita. Hizo tuziache. Kulikuwa na video ya mama, dakika kumi na moja. Yuko jikoni Same, anakoroga makande, ananigombeza kwa Kipare niache kumchukua video nikalete kuni. Mwishoni hasira inamwisha, anacheka, ananiita kwa jina langu la utotoni. Hakuna mwingine aliyekuwa ananiita hilo jina. Simu niliyorekodia ilishaibiwa. Nakala ilikuwa hiyo moja tu.

Simu ikaita. Mzee Massawe. Nikajua katoka kanisani kakuta mateka hayupo. Sikupokea. Ikaita tena. Nikamwonyesha mke wangu kioo cha simu, tukacheka.

Nikabonyeza swichi.

Feni ziliwaka rangi zote. Kwa sekunde kama tatu ilipendeza kweli. Kisha, paa! Moshi mweupe, harufu ya plastiki inayoungua, umeme wa nyumba nzima ukakatika. Mke wangu alipiga yowe. Mie nilibaki nimenyoosha kidole vilevile.

Mzee Massawe aliingia bila hodi, na suti yake ya kanisani, anahema. Alikuwa amekuja mbio, umri ule. Akachomoa waya ukutani. Akanishika mikono akaiangalia yote miwili. Ndipo akakaa chini na bisibisi, akaifungua ile power supply.

Ndani kulikuwa na kibao kidogo cha saketi, hakizidi cha chaja ya simu. Pembeni yake, tepu nyeusi imeachia, kipande cha zege.

Zege, wakuu!

Malori ya simenti kutoka kiwanda cha Wazo tunapishana nayo kila siku, halafu mie nimeenda mjini kununua zege, nikalileta nyumbani kwenye boksi lenye kistika cha dhahabu. Mtu alikaa mahali, akapima, akakitia kile kipande ndani ili nikishika niseme "hii ndiyo yenyewe." Mpaka leo sielewi binadamu tumefikaje huko.

Motherboard imekufa. Graphics card imekufa. Nikamwambia mzee hizo basi, niangalizie SSD.

Akaifungua. Kwenye chip kulikuwa na tundu dogo jeusi. Akaipeleka dirishani. Akavua miwani, akaifuta, akavaa, akaangalia tena. Kesho yake aliipeleka mwenyewe Kariakoo kwa jamaa yake anayefufua data. Alirudi nayo jioni.

Nilikuwa nasubiri utani. Nawaambia kweli, nilikuwa nauhitaji. Nilitaka aseme Wapare tumebana mpaka video, nakala moja ukoo mzima. Badala yake akaiweka ile SSD kwenye kiganja changu, akavikunja vidole vyangu juu yake.

"Pole, mwanangu."

Hakuniita Mpare. Mtu aliyenichekesha kaburini kwa mama alikuwa hana utani, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba mama ameondoka tena.

Funzo? Power supply isiwe kitu cha mwisho kuchagua, na usiichague kwa uzito. Mtani akikuchukulia kitu, mwangalie kwanza usoni kama anacheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na la kwangu limevunjika.

Desktop sijaiunda upya. Uzi huu nauandika kwa simu, nimekaa kwenye kile kiti cha kukunja. Nilitaka kukirudisha, mzee amekataa kukipokea.

Karibuni mnishauri, hata kunisema ruksa. Ila kama una sauti au video ya mzazi wako na iko sehemu moja tu, usicomment kwanza. Funga huu uzi, nenda kaikopi. Sie tutakusubiri hapa.