Gari la Pili la Bi Hortensia

Awinja hajawahi kuona bahari. Mbali zaidi alikofika ni Eldoret, tena kwa mazishi. Lakini Santo Domingo, ule mji wa bandari katika bahari ya Karibi, anaujua kama njia za kwao Chekalini. Anajua kanisa la zamani liko wapi, na mahali gari linaweza kusimama bila dereva kufukuzwa. Kazi yake ni kuwapangia wageni safari ya siku moja: gari la kukodi liwachukue hotelini asubuhi, liwapeleke mjini, liwarudishe jioni. Anaifanya akiwa Lurambi, hapo Kakamega, kwenye chumba kilicho juu ya duka la mbolea. Wako wawili humo, yeye na Jairus, msimamizi wake, ambaye ndiye aliyemtafutia kazi.

Sharti la kampuni ni kwamba mgeni asijue. Kwenye kompyuta Awinja huitwa Amy, na Amy anakaa hukohuko Santo Domingo.

Juzi aliandikiwa na mama mmoja wa Kanada, jina lake Elaine. Alitaka safari ya watu watatu: yeye, mumewe Gordon, na mamake, Bi Hortensia. Bi Hortensia alizaliwa karibu na bandari ile, akaondoka akiwa msichana. Sasa macho yake yanafifia, na daktari amesema hayatangoja sana. Anataka kuiona nyumba yao kabla ya giza.

Awinja alipanga kwa roho safi. Akaweka magari mawili. Gari la kwanza Gordon na mkewe, gari la pili Bi Hortensia, lifuate nyuma.

Hata hakufikiria. Kwao mtu na mama mkwe wake hawakai pamoja. Phanuel, mume wa Awinja, akimwona mama mkwe wake Mildred anakuja, huacha barabara akapita kwa mahindi. Siku ya kumzika babu, Mildred alikuwa tayari ameketi garini Phanuel alipoingia. Akashuka kimya, akapanda lori la kwaya, akasimama mpaka nyumbani. Watu walisema huyo ni mkwe mwenye heshima.

Ratiba ikaenda. Jana mchana, mvua ikigonga mabati, jibu likaja. Awinja akalisoma mara ya pili, akasukuma kiti nyuma.

"Nini?" Jairus akauliza.

"Yule bibi amekataa safari. Anasema mkwe wake amemtenga kama mzigo. Ati kumbe Gordon hajabadilika."

"Hajabadilika aje?"

"Zamani alitaka apelekwe nyumba ya wazee. Hawajaongea vizuri tangu siku hiyo. Hii safari ndiyo ilikuwa ya kuwapatanisha."

Jairus akavuta kiti, akasoma. Akashika kichwa.

"Awinja, dada yangu. Nani alikuambia uweke gari mbili?"

"Sasa ningemweka mtu na mama mkwe wake kiti kimoja? Masaa yote hayo, magoti yanagusana?"

"Hao ni wazungu! Wanapikianga mama mkwe, wanamkumbatia!"

"Bibi si mzungu."

"Hata kama. Andika ni kosa la kompyuta. Gari moja, pole sana, imeisha."

Awinja akaandika hivyo. Elaine akajibu upesi: mamake haamini. Kompyuta haimjui mama mkwe ni nani. Mtu ndiye aliyepanga hivyo, na mtu huyo aliambiwa na Gordon. Tena ameanza kupanga nguo zake arudi nyumbani.

 Awinja akamwona akilini yule bibi kitandani hotelini, anakunja nguo kwa kupapasa, na safari yenyewe ni kesho.

"Nitamwambia ukweli," akasema.

"Upi?"

"Kwamba mimi ni wa Kakamega."

"Wewe ni Amy hapa! Amy hana Kakamega. Amy hana mama mkwe." Jairus alicheka, lakini macho hayakucheka. "Wakubwa wanasomanga kila neno. Watakufungia kompyuta leo leo. Utamwambia nini Phanuel?"

 Awinja aliandika polepole, kwa Kiingereza chake cha shule. Kwamba hakuna aliyemtuma. Kwamba yeye anaitwa Awinja, yuko Kenya, na kwao mkwe humpisha mama mkwe njia kwa sababu ya heshima. Kwamba alimpa Bi Hortensia gari lake kama vile angempa mamake mzazi. Akabonyeza kabla moyo haujarudi nyuma.

Walingoja. Jairus alisimama dirishani, akampa mgongo Awinja na kompyuta yake.

Jibu lilipokuja lilikuwa swali. Mama anauliza: huko kwenu, mkwe aliyekosea huomba msamaha namna gani?

Awinja akaandika kwamba kwa mdomo haombi. Hununua shuka zuri, akampa mkewe alipeleke, naye akasimama mbali mpaka aone limepokelewa.

 Baada ya muda Elaine akaandika: Mama amecheka. Gordon ameenda madukani. Mama anasema atakwenda, na magari yabaki mawili, lakini la kwake litangulie. Gordon afuate nyuma, ale vumbi.

Awinja akafungua ratiba aigeuze. Ukurasa ukawa mweupe, ukamwomba neno la siri. Akaliandika. Ukalikataa. Akaliandika tena, ukalikataa tena.

"Nilikuambia," Jairus akasema, sauti imeshuka.

"Madereva hawajaambiwa, Jairus. Wataenda na ile ratiba ya kwanza. Bibi ataona amewekwa nyuma, ajue nimemdanganya."

Jairus alitazama kompyuta yake mwenyewe, ambayo bado ilikuwa wazi. Ana watoto Butali, na kila mtu kwao anamtegemea. Alitazama mvua, akamtazama Awinja, ambaye alikuwa amejifunika uso kwa leso.

Akavuta kiti, akaketi mbele yake, akaifungua ratiba.

"Bibi anaenda na gari gani?" akauliza bila kugeuka.

"La mbele."

"Sema tena, nisikosee."

"La mbele," Awinja akasema.