Tamthilia ya Mama Ilipofika Jakobsberg

Nikisikia harufu ya makoti yaliyolowa theluji ikichanganyika na chai ya tangawizi, nauona tena ukumbi ule wa Jakobsberg. Nilikuwa na miaka kumi. Mama alikuwa ameanzisha kikundi cha maigizo kwetu Alby, mtaa wa wahamiaji katika nchi ya Waswidi, Warundi wenzetu na Waganda wachache, na majira yale ya baridi kila Jumamosi tulipanda treni na meza yetu ya kukunja, tukaigiza kwa Kiswahili popote tulipopewa chumba. Wazo alilitoa maktabani. Alikuwa amesoma habari za waigizaji wa Ayalandi ambao mwanzoni mwa karne iliyopita walivuka bahari hadi Marekani, wakaonyesha maisha ya vijijini kwao bila kuyapamba, na Waayalandi wenzao waliohamia huko wakawazomea na kuwarushia viazi, wakidai wameaibishwa. "Na bado waliendelea kupanda jukwaani," Mama alituambia, macho yakimng'aa. Sisi tulimwona ana wazimu kidogo.

Tamthilia yetu ilimhusu baba anayekwenda ofisi ya ajira na binti yake mdogo wa kumtafsiria. Binti alikuwa mimi, Divine. Haikunipa taabu, maana nyumbani kazi hiyo ilikuwa yangu: baba yangu, aliyekuwa mwalimu mkuu kule Burundi, alivaa tai akaketi kimya huku mimi nikimjibia kwa Kiswidi. Mama hakumwomba ruhusa kutumia kisa hicho, na Baba hakuwahi kuja kututazama. Siku ya Jakobsberg akaja.

Nilipofika pale binti anapomwambia baba, "Nyamaza kwanza, wananiuliza mimi," mzee mmoja wa kanisa alisimama, akiwatupia jicho Waswidi wachache waliokuwa ukumbini.

"Mama Divine, mnatuvua nguo mbele ya Waswidi! Baba gani huyo ananyamazishwa na mtoto?"

Wanaume wengine wakamuunga mkono, viti vikaburutwa, watu wakaanza kuvaa makoti. Mama alikuwa kando ya pazia, akiwatazama. Niliona kikundi chake kinakufa mbele yangu, na niliogopa kwamba Baba hatamsamehe.

Baba alinyanyuka. "Baba huyo ni mimi," alisema taratibu. "Kaeni, mwanangu amalize."

Wakakaa. Nikamaliza huku nalia, na kikundi kikaendelea kuishi miaka mingi baada ya hapo.

Siku hizi wanangu hawamtafsirii mtu, na ninashukuru. Ujasiri wa Mama nausimulia kila ninapopata msikilizaji. Lakini nimeshafika umri aliokuwa nao Baba siku ile, nina kazi nzuri na Kiswidi kisicho na dosari, na sijawahi kusimama mbele ya watu nikasema ukweli wangu kama alivyosema yeye.