Deodatha na kompyuta inayosikiliza majina

Saa mbili asubuhi ukungu bado haujaondoka Bugene, wilayani Karagwe. Deodatha Projest anafungua dirisha la chumba chake cha kazi, anafuta vumbi jekundu kwenye kibodi kwa upindo wa kitenge, kisha anatega sikio. Jenereta likishika huko nyuma, kioo cha kompyuta kinawaka.

"Nyumbani Ihembe wananiuliza, kazi gani hiyo ya kukaa kutwa nzima," anasema akicheka kidogo. "Mama yangu anawaambia majirani kwamba ninapiga taipu. Namwacha."

Deodatha, mwenye miaka 39, hapigi taipu. Anaandika programu. Alikulia kwenye migomba na kahawa, akasomea hesabu Dar es Salaam, kisha akaajiriwa na shirika moja la umma kujenga kanzidata, yaani ghala za kumbukumbu ndani ya kompyuta. Shirika lilipopunguza wafanyakazi mwaka 1993, akarudi Karagwe kulima.

Hakulima sana. Mwaka uliofuata wakimbizi kutoka Rwanda wakafurika wilayani, na ofisi ndogo ya kuwatafutia watoto wazazi wao ikahitaji mtu wa kompyuta.

Kanzidata aliyoijenga ilikuwa rahisi. Watoto waliookotwa waliandikwa humo kwa majina waliyoyataja; mzazi alipotaja jina la mtoto, karani akaliandika, mashine ikatafuta. Wengi walipatikana.

Desemba 1996, kambi zilipoanza kufungwa na watu kurejeshwa kwao, mwanamke aitwaye Nyirabageni alifika ofisini kwa mara ya tatu. Alimtafuta binti yake, Kantengwa, waliyepotezana naye njiani. Mashine ikajibu tena kwamba hayupo. Karani, Vestina, alimweleza kwa upole. Nyirabageni akatoka, akakaa kwenye benchi la nje, asiondoke.

"Kesho tunapakiwa kwenye malori," alimwambia Deodatha alipokwenda kumsalimia. "Nikivuka bila yeye, nani atanitafutia huku?"

"Taja jina lake tena, mama. Taratibu. Na la baba yake."

"Kantengwa. Wa Karekezi."

Deodatha anasema hapo ndipo alipokumbuka kwao, ambako r na l hupishana mdomoni na hakuna anayejali.

"Mashine inajali. Kwake Karekezi na Kalekezi ni watu wawili. Na mtoto mwenye woga akitaja jina kwa sauti ndogo, anayeandika huandika alichosikia."

Alirudi ndani akaanza kuandika kanuni mpya: majina yalinganishwe kwa jinsi yanavyosikika. Programu ikakwama, akairekebisha, ikakwama tena. Vestina alimpelekea Nyirabageni uji. Ukapoa bila kuguswa.

Alasiri kioo kikaleta jina moja: Katengwa, wa Kalekezi, analelewa na familia ya wakulima Isingiro, huko huko Karagwe.

Gari la ofisi lilimleta mtoto kabla jua halijazama. "Nilidhani atakimbilia kumkumbatia mama yake," anasimulia Vestina. "Alisimama mbali akamtazama tu. Mama akamwita kwa jina la utotoni. Hapo ndipo mtoto akalia."

Tangu siku hiyo Deodatha ametengeneza programu nyingine, ya kuwasaidia wenzake. Karani akigundua matamshi mapya, anaongeza kanuni mwenyewe bila kumsubiri. Vestina ameshaongeza za Kihaya, sasa yuko kwenye Kirundi.

Si wote waliobahatika. Tunapozungumza anaingia mzee Mbonimpa, kibarua wa mashamba ya kahawa, anayemtafuta mjukuu wake.

"Shikamoo, mzee," Deodatha anasimama.

"Marahaba, mwanangu. Mashine imesema nini leo?"

"Bado, mzee."

Mjukuu huyo alipotea angali mdogo mno kujua jina lake, na huenda waliomlea wamempa jingine. Kwa watoto wa namna hiyo Deodatha anapanga kanzidata ya tofauti, itakayotafuta kwa yale wanayoyakumbuka: mto, kanisa, mnyama wa nyumbani. Anataka iwe tayari kabla ya masika, na nakala yake ivuke hadi Rwanda na Burundi.

"Watoto wanakua," anasema. "Kila mwaka wanasahau kidogo."

Anamvutia mzee kiti karibu na kibodi.

"Pale kwenu mlikuwa na ng'ombe, mzee?"

"Mmoja. Mtoto alikuwa akimwimbia."

"Ng'ombe huyo alikuwa anaitwa nani?"