Bi Mwanaima Atafuta Intaneti Isiyovuta Madda

Bi Mwanaima Likwata anafundisha Kurani mtaa wa Mtanda, mjini Lindi, na wanafunzi wake ni wanawake watu wazima. Zamani walikuja kukaa mkekani barazani kwake. Kisha wakaolewa, wakaajiriwa, wakahamia kwingine, na darasa likawafuata kwenye simu. Siku hizi akishaswali alasiri anajitanda mtandio wake vizuri, anaegemeza simu kwenye kopo la sukari, na nyuso zinaanza kuchomoza kwenye kioo: mmoja yuko Muscat, mmoja Mbeya, na Naima, muuguzi wa Dodoma mzaliwa wa Kitomanga, ambaye hakosi hata akiwa ametoka zamu.

Tabu ilianzia kwenye madda. Madda ni ule mvuto wa sauti mtu anaposoma. Uko mfupi wa hesabu mbili na uko mrefu wa nne hadi sita, na Bi Mwanaima hana mchezo na vipimo vyake. Siku moja alisoma aya, Naima akamfuatisha. Akavuta, akavuta, macho yakamtoka.

"Naima! Unakwenda wapi na hiyo alifu?"

"Nakufuata wewe, ustadha," Naima akajibu akihema. "Umevuta mpaka nikadhani umezimia."

"Mimi nimevuta mbili tu!"

Yule wa Muscat alicheka hadi akazima kamera. Kumbe mtandao ulikuwa umemgandisha mwalimu mdomo wazi, na sauti yake ikabaki inaning'inia hewani.

Bi Mwanaima hakucheka. Kusomesha vibaya ni jambo zito kwake, na hakuona atamwambiaje Mola wake kwamba kosa ni la mtandao. Asubuhi yake akamwita Abilahi, fundi anayeuza vifaa vya intaneti vya kampuni iitwayo Upepo. Abilahi akaja na kiboksi chake, akaamkia, akakichomeka kwenye umeme, akafungua kipimo cha kasi kwenye simu. Mshale ukapanda.

"Ustadha, tazama mwenyewe: themanini!"

"Themanini nini?"

"Megabiti kwa sekunde, za kushusha. Utaangalia filamu mpaka uchoke."

"Filamu za nini, mwanangu? Mimi sishushi kitu. Mimi nasoma hapa, sauti iende Dodoma."

Abilahi akajikuna kidevu. "Basi wewe unataka kasi ya kupandisha. Ni hii namba ya chini hapa, kumi. Na nisikufiche, hii ni asubuhi. Alasiri mtaa mzima ukiingia kwenye mnara huohuo, itashuka."

"Basi rudi alasiri."

Akarudi kweli. Ile kumi ilikuwa imebaki mbili. Wakajaribu laini ya simu ya Bi Mwanaima, ikawa chini zaidi. Wakaazima kiboksi cha kampuni nyingine, Nyota, kutoka dukani kwa jirani. Kilianza vizuri, kisha namba zikawa zinayumba kama mlevi. Bi Mwanaima naye hakutosheka na mishale. Kila walipobadilisha kifaa alimpigia Naima, akasoma aya ileile, na kumuuliza amesikia mvuto wa ngapi.

"Nne, ustadha."

"Nimevuta mbili. Abilahi, toa hiyo."

Mwishowe Abilahi akakaa chini. "Ustadha, mimi ni mtu wa Upepo, lakini dawa yako ni faiba. Ule waya. Tatizo nguzo ya mwisho iko ng'ambo ya barabara, kwa Mama Dominick."

Mama Dominick ni Monika, Mmatumbi wa Kipatimu anayepangisha vyumba kwa wageni. Faiba aliivuta kwa ajili yao. Alipoelezwa akapangusa mikono kwenye kanga.

"Sebule si hiyo? Ingia."

Kushusha arobaini, kupandisha arobaini, na alasiri hiyohiyo. Naima akapigiwa.

"Mbili!" akapiga kelele. "Mbili kamili! Na nimesikia hata ulivyomeza mate."

Basi darasa likahamia kwenye kochi la Mama Dominick. Siku ya kwanza tu, yule wa Muscat akasogeza uso kwenye kamera.

"Ustadha, huyo mwanamke wa shela ya bluu ukutani kwako ni nani?"

Bi Mwanaima akageuka. Nyuma ya kichwa chake ilikuwa picha kubwa ya Bikira Maria, imezungushiwa maua ya plastiki. Mlangoni Monika alisimama na sinia la chai, asijue aingie au arudi jikoni.

"Ni Maria wa mwenye nyumba," Bi Mwanaima akasema. "Na sisi Maryamu tunaye. Fungueni sura yake."

Akahamia taratibu upande wa pili wa kochi, dirisha likawa nyuma yake, wakasoma. Walipomaliza, Monika alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango.

"Nimesikia jina lake likitajwa. Mnasemaje juu yake?"

Bi Mwanaima akamsimulia: uchungu ulivyomshika Maryamu akiwa peke yake, akaegemea shina la mtende, akaambiwa autikise tende zimwangukie.

"Peke yake!" Monika akasema. "Kwetu alikuwa na Yosefu, na hori la ng'ombe. Mimi Dominick nilimzaa njiani, gari limekwama matope yetu ya Kipatimu. Ningeupata huo mtende, ningeushukuru."

Wakacheka, wakaulizana, na chai ikapoa.

Faiba ilivuka barabara baada ya mvua za masika. Sasa Bi Mwanaima anafundisha sebuleni kwake, na Naima amehitimu sura mbili bila kurudishwa. Ijumaa hakuna darasa. Alasiri hiyo anavuka kwenda kwa Mama Dominick, simu anaiacha nyumbani, na mihogo ya nazi inakuwa tayari jikoni. Ijumaa iliyopita walianza habari za Yusufu na kaka zake, hawakufika hata pale anapotupwa kisimani.